Dufu la ngozi au la plastiki? Wenye vikundi vya maulidi na ngoma tuongee hapa

Mwambangoma (Ngamiani, Tanga):
Wakuu habari zenu. Msimu wa maulidi unakaribia na simu zimeshaanza, kila kikundi kinauliza swali moja, tununue haya madufu ya plastiki yanayoletwa kutoka Dar au tuwambe ya ngozi kama zamani. Naandika hapa ili kila mtu asome kwa pamoja, na mwenye kujua zaidi aongeze.

Msimamo wangu nautoa mapema. Wengi wanaoikimbia ngozi wamechoshwa na ngozi iliyoandaliwa vibaya, hawajawahi kushika iliyoandaliwa vizuri. Plastiki ina kazi zake na nitazitaja, lakini kwa dufu la maulidi na kasida mie bado nasema ngozi.

Tuanze na hiyo plastiki. Ile karatasi ngumu iliyowambwa kwenye dufu la dukani ni poliesta, aina inayojulikana sana kwa jina la Mylar. Iliingia kwenye ngoma za Wamarekani miaka ya 1950, na mwaka 1957 mpiga ngoma mmoja wa California, Remo Belli, akaanzisha kampuni ya kuziuza ambayo ipo mpaka leo. Kilichowasukuma ni hiki hiki kinachotusumbua sisi, hali ya hewa. Walikuwa wanatumia ngozi ya ndama, ikipata ukungu inalegea, ikipata joto la taa za steji inajikaza, mpigaji hajui jioni ataikuta vipi. Poliesta karibu hainywi maji kabisa, mvua inyeshe jua liwake sauti iko pale pale.

Ngozi sivyo. Ngozi ni nyuzi za protini zilizopishana huku na huku, na nyuzi hizo zinakunywa unyevu uliopo hewani. Zikinywa zinarefuka na ngozi yenyewe inakuwa nzito, dufu linashuka sauti, unapiga linajibu bu bu bu. Zikikauka zinajivuta, sauti inapanda. Sasa sisi watu wa pwani, upepo wa bahari usiku kucha, masika kuanzia Machi mpaka Mei, vuli nayo Oktoba mpaka Desemba, jambo hilo hatuwezi kulikwepa.

Sasa kwa nini nang'ang'ania ngozi? Sauti. Zile nyuzi zinazokunywa maji ndo hizo hizo zinazomeza haraka zile sauti nyembamba za juu, ukipiga karibu na katikati unapata mdundo mnene unaokatika mapema, ukipiga pembeni unapata mlio mkavu, na mkono unajua tofauti hata gizani. Plastiki inaziachia zile nyembamba zinavuma. Dufu moja utalipenda, linang'ara. Weka madufu kumi na mbili ya plastiki kwenye ukumbi wa zege, feni zinazunguka, maiki imewashwa, mvumo wote unapanda juu ya sauti ya msomaji, na maneno ya kasida ambayo ndo watu wamekuja kuyasikiliza hayasikiki tena. Hilo kwangu ni kubwa kuliko usumbufu wa kuota dufu moto ili ngozi ikauke na sauti ipande.

Karibuni tuchangie.

BintiMabawa:
Kaka Mwambangoma ahsante kwa uzi, ila waswahili walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wewe ni fundi wa ngozi. Sisi kikundi chetu cha kina mama tulinunua madufu ya ngozi kwa fundi mmoja, jina nalihifadhi. Jua likiwepo hayana neno. Mvua zilipoanza yakawa yanatoka jasho, yani ukishika ngozi kiganja kinalowa kabisa, tunayaota kwenye jiko la mkaa yanalia vizuri nusu ya kasida halafu yanalala tena, na harufu juu. Wenzetu wa plastiki wameyatoa yao kwenye begi wameanza kupiga pale pale. Tulionekana hatujajiandaa na tulikuwa tumefanya mazoezi kweli kweli. Hapo unanishauri nini?

Mwambangoma:
Dada BintiMabawa pole sana, na swali lako ni la haki. Hapo penye jasho umenipa jibu lote. Ngozi yenu ina chumvi.

Ngozi nyingi zinazouzwa zimetiwa chumvi ili zisioze zikisubiri mnunuzi, na kwa mfanyabiashara wa ngozi ni sawa tu, anazipeleka kiwandani zikasafishwe. Fundi ngoma akiichukua ngozi hiyo akailoweka mara moja tu afu akaiwamba, chumvi imebaki ndani. Chumvi hii ya kawaida unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 inaanza kuyeyuka yenyewe, na asubuhi za Tanga zinapita hapo mara nyingi, ndo maana hata ile ya jikoni inashikana kwenye kopo. Kwa hiyo dufu lenu linavuta maji hewani usiku na mchana, mnalikausha motoni, mkilitoa linaanza upya. Angalieni pembeni kwenye misumari siku ambayo hewa ni kavu, mkiona unga unga mweupe basi ndo wenyewe.

Dawa ipo. Bandueni misumari taratibu, ngozi muiloweke kwenye ndoo ya maji baridi, maji myabadilishe mara kadhaa mpaka yasiwe na ladha ya chumvi wala utelezi, kisha iwambwe upya kama bado ni nzima. Ikishaanza kunuka uozo hiyo tupeni, usiihangaikie.

KijanaWaPongwe:
Mkuu ebu tuwekee basi namna sahihi ya kuandaa toka mwanzo, maana wengine tunataka kujifunza, mafundi wenyewe wanazidi kupungua huku.

Mwambangoma:
Sawa mdogo wangu, naandika kwa urefu kidogo.

Chukua ngozi mbichi ya mbuzi buchani siku ile ile aliyochinjwa, iambie bucha mapema asiitoboe kisu, maana kovu dogo la kisu huwezi kuliona likiwa bichi, ukiwamba likakauka linafunguka. Kwangua mafuta na nyama upande wa ndani mpaka pawe peupe, mafuta yakibaki ndo yanayonuka na ndo yanayoita wadudu. Ing'ang'anize kwenye fremu au ukuta wa mbao ikauke kivulini penye upepo. Usiianike juani! Jua kali likiipata ngozi mbichi safu ya juu inaungua na kugandamana huku ndani bado bichi, baadaye ukiiloweka inachanika vipande vipande. Hapa ndo wengi wanapoharibu kwa haraka yao.

Manyoya kuna wanaotumia chokaa au majivu, ngozi inakaa siku kadhaa manyoya yanatoka yenyewe, inakuwa nyeupe na laini. Mie napenda wembe kwenye ngozi kavu, ni kazi ya kuchosha lakini chokaa ikizidi inailegeza ngozi na lazima uisuuze sana sana. Kila fundi na yake hapo sibishani na mtu.

Siku ya kuwamba loweka kwenye maji baridi usiku mzima. Maji ya moto HAPANA, hata ya uvuguvugu mkali, ngozi ghafi ikifika kama nyuzi joto 60 inajikunyata na hairudi tena, umeshaipika. Ikishalainika utafute mstari wa uti wa mgongo, pale mgongoni ni nene kuliko tumboni, ule mstari uupitishe katikati ya dufu kabisa ili pande mbili zilingane. Ukiuweka pembeni dufu litakuwa na upande mmoja unaolia na mwingine umelala na hutojua kwa nini.

Kisha misumari. Piga mmoja, wa pili upande wa pili mkabala wake, wa tatu robo ya duara, wa nne mkabala, unaenda hivyo kama mtu anavyofunga nati za tairi, sio kuzunguka mfululizo. Na usiivute kwa nguvu zako zote ikiwa mbichi! Ngozi ikikauka inajivuta yenyewe, ukiwa umeikaza mwanzo itapasuka au itaupinda mduara wa mbao, nimeshaona mduara mzuri wa mfenesi umekuwa yai. Ikae kivulini siku mbili tatu bila kupigwa. Mtoto akilipiga kabla halijakauka ngozi inatanuka pale katikati, hutolipandisha tena.

UstadhMakorora:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefurahi kuona mjadala wa namna hii. Naongeza jambo dogo kwa upande wa vikundi vyetu vya madrasa, maana wapo walioniuliza kuhusu twahara na ndo kilichowafanya wahamie plastiki. Mnyama anayeliwa akichinjwa kisheria ngozi yake ni twahara, hata isipodabighiwa, yani isipolainishwa na kusafishwa kwa dawa za ngozi. Shida ni ngozi ya kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa, hiyo kwa madhehebu yetu ya Shafi haitwahariki mpaka idabighiwe kwa vitu vikali vinavyoondoa uchafu wake, chumvi na jua peke yake havitoshi. Kwa hiyo anachosema fundi, kuchukua ngozi buchani kwa mchinjaji unayemjua, kinaondoa shaka yote. Ngozi ya kuokota okota mnadani hujui ilikotoka, achana nayo.

Na kuhusu sauti nakubaliana naye. Dufu kazi yake kumbeba msomaji.

Mwambangoma:
Waalaykum salaam ustadh, umeniondolea mzigo maana hilo huwa naulizwa na sio fani yangu.

MzeeWaKaole (Bagamoyo):
Vijana hamjambo. Mie nipo Bagamoyo, nimeishi na ngoma maisha yangu yote, tangu Chuo cha Sanaa kinaanzishwa hapa mwaka 1981, hiki ambacho tangu 2007 kinaitwa TaSUBa. Nimeona kila aina ya ngoma ikipandishwa steji kwenye tamasha letu ambalo lilianza 1982, na steji yetu bahari iko hapo hapo, unaisikia.

Naunga mkono ngozi. Lakini nataka niseme na wale wanaowamba kwa ajili ya kuuza, hasa kwa wageni, maana Bagamoyo hiyo ni ajira ya vijana wengi. Huko wanakozipeleka ngozi ghafi inatazamwa kwa jicho kali na wana sababu. Ugonjwa wa kimeta. Mbegu zake zinakaa kwenye ngozi na manyoya miaka, chumvi haiziui, jua haliziui. Mwaka 2006 kule Uskochi alifariki mtu na uchunguzi ukaihusisha kesi yake na ngoma za ngozi za Afrika Magharibi, na mwaka 2008 London akafariki mtengeneza ngoma aliyevuta mbegu hizo wakati anazishughulikia ngozi. Na anayekwangua manyoya makavu chumbani, vumbi limejaa, ndo yuko hatarini kuliko anayepiga. Kimeta kwetu Tanzania kipo, kule kaskazini kinajitokeza mara kwa mara kwa mifugo na wanyamapori. Kwa hiyo neno la ustadh kuhusu kibudu mie nalikazia kwa upande wa afya, mnyama aliyekufa mwenyewe ngozi yake usiiguse kabisa. Na ukinyoa nyoa nje, funga kitambaa puani, loanisha kidogo vumbi lisiruke.

La pili ni kenge. Najua ngozi yake nyembamba na ngoma ndogo inalia vizuri mno nayo, wazee walitumia. Leo kenge ni mnyamapori, kumuua bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kumtoa nje ya nchi kuna CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, unakusubiri. Msiwauzie wageni kitu kitakachowatia matatani uwanja wa ndege. Ngoma ndogo wamba mbuzi mchanga, inatosha.

KijanaWaPongwe:
Shikamoo mzee, ahsante kwa darasa. Mimi nafundisha bendi ya shule, ngoma za kutembea nazo barabarani siku za Mwenge na sherehe, plastiki zote. Nazo niziwambe ngozi?

MzeeWaKaole (Bagamoyo):
Marahaba. Hapana mjukuu wangu, hizo ziache na plastiki yake. Zinapigwa kwa fimbo, zinakazwa kwa spana, zinatembea juani na mvuani, na watoto hawatakaa kuota moto. Plastiki ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Mwambangoma:
Mzee amesema. Naongeza tu, plastiki usiisogeze kwenye moto hata kidogo! Kuna kikundi kiliona wenzao wanaota ngoma nao wakayaweka yao ya plastiki karibu na jiko, poliesta ikipata moto inajikunja na kuwa na mawimbi, haiwambiki tena, ni kununua nyingine. Na kwenye gari lililofungwa vioo juani usiyaache. Plastiki ikichakaa pia haikuonyeshi dalili nyingi, inabonyea pale mkono unapotua, sauti inakuwa ya kopo, wengi wanaendelea kupiga hawajui imekwisha.

Zumari_Chumbageni:
Wadau mie napenda sana vyombo vya pumzi na hili swali lenu nimelikuta kwa watu wengine kabisa, wale wapiga zumari la mfuko wa Uskochi. Mfuko wao wa asili ni ngozi, kondoo au ng'ombe, na ndani wanaupaka dawa maalum ya kuziba mishono na vitundu. Faida yake ngozi inanyonya unyevu wa pumzi, yale matete ya ndani yanayotoa sauti hayalowi ovyo. Hasara yake usipoupiga muda mrefu unakauka, unavujisha upepo, dawa inabidi irudiwe. Wakaja na mifuko ya kitambaa cha Gore-Tex, kinapitisha mvuke lakini kinazuia hewa na maji, hakitaki dawa, unakiweka stoo ukikitoa kiko vile vile, ila unyevu mwingi unabaki ndani kwa hiyo wanaongeza chombo cha kukinga maji ya pumzi. Na mpaka leo wapo waliobaki na ngozi, wanasema sauti imetulia zaidi na mfuko unakaa vizuri kwapani. Ushauri unaotolewa sana huko ni kwamba anayepiga kila siku ngozi itamfaa, anayepiga mara moja moja achukue wa kisasa. Nadhani na sisi tujiulize hivyo hivyo, kikundi chenu kinakutana mara ngapi?

Mwambangoma:
Zumari hapo umegusa penyewe. Dufu la ngozi linataka kushikwa. Kikundi kinachofanya mazoezi kila wiki, madufu yanatolewa, yanapigwa, yanapata hewa, yanafutwa jasho la mikono, hayo yanadumu miaka na sauti inazidi kuiva. Kikundi kinachokumbuka madufu mwezi wa maulidi ukifika, yamerundikwa stoo kwenye kiroba cha plastiki, kule ndani ni kuvu na wale wadudu wadogo weusi wanaotoboa ngozi, mkiyatoa yana matundu. Kikundi cha namna hiyo mie fundi wa ngozi nakwambia chukua plastiki, nitakuwa nimekusaidia zaidi.

Hayo ya ngozi yatundikeni ukutani, mahali pa kavu penye hewa, mbali na jiko. Mkiyasafirisha tumieni mfuko wa kitambaa.

BintiMabawa:
Sisi tunakutana kila Alhamisi na Jumapili, hatuna shida ya mazoezi. Maswali yangu mawili kaka. Kuna mtu alituambia tupake mafuta ya nazi ngozi isinyonye maji, ni kweli? La pili, hela tuliyonayo haitoshi kubadilisha yote, naweza kuchanganya, nusu ngozi nusu plastiki?

Mwambangoma:
Mafuta ya nazi kidogo sana, yani unalowesha kitambaa afu unapangusa, yanasaidia ngozi isikakamae wakati wa kaskazi na yanapunguza kidogo kunyonya unyevu. Yakizidi ngozi inakuwa nzito na sauti inazimika, na ukishayaingiza kuyatoa ni kazi. Nimeletewa madufu yaliyopakwa kama mkate, yanalia kama unapiga godoro. Na kwenye ngozi yenye chumvi mafuta hayasaidii kitu, msianzie huko.

Kuchanganya kwenye safu moja sikushauri dada. Mnaanza saa mbili usiku yakiwa yanalingana, ikifika saa tano umande umeshuka ya ngozi yameteremka na ya plastiki yako pale pale, mtasikia vikundi viwili vinapiga. Kama lazima mchanganye, plastiki mpeni yule mmoja au wawili wanaopiga zile za kukatiza kwa haraka, wanahitaji sauti ya juu hata hivyo, na safu inayobeba mdundo wote iwe ngozi tupu iliyotoka kwa fundi mmoja, ngozi za unene mmoja, ili zikishuka zishuke pamoja na mkiziota zipande pamoja. Kuota nako ni kwa kuzungusha, dufu liko juu ya makaa umbali wa mkono, ngozi haiguswi na mwali, unaligonga gonga kwa kidole unasikiliza linavyopanda. Na ukisikia limepanda kupita lilivyokuwa mwanzo litoe hapo hapo, likiendelea litapasuka.

Ila kwenu sioni haja ya kununua kitu kipya. Miduara ya mbao kama haijapinda ni mizima, mnachohitaji ni ngozi safi na siku mbili tatu za kuwamba. Kwa bei ya dufu moja zuri la plastiki mnawamba zaidi ya moja. Leteni yote niyaone kabla hamjatoa hela kwa mtu.

BintiMabawa:
Alhamdulillah, basi hilo limenipa nguvu. Tutaleta yote Jumatatu. Misumari ya zamani tuihifadhi au tununue mingine? Naona mingi ina kutu.

Mwambangoma:
Msiirudishe hiyo dada. Kutu inaila ngozi kuzunguka tundu na ndo panapoanzia kupasuka. Tafuteni ya shaba yenye vichwa vipana, ile mafundi makochi wanayotumia, madukani Ngamiani ipo. Na ngozi zile za zamani msizichane kwa hasira mkizibandua, nyingine tukizisuuza zitafaa bado.